Faustin na Mizabibu: Kitabu cha Peter Mayle Kikisomwa Rumonge

Kitabu cha Peter Mayle, A Year in Provence, kilitoka mwaka 1989. Mimi nilikisoma katika tafsiri yake ya Kifaransa. Ni masimulizi ya Mwingereza, aliyewahi kufanya kazi ya matangazo ya biashara, aliyenunua pamoja na mkewe nyumba ya zamani ya mawe karibu na Ménerbes, kusini mwa Ufaransa, penye mashamba ya mizabibu. Sura zake ni 12, moja kwa kila mwezi. Januari mabomba yanapasuka kwa baridi. Mafundi wanaanza kazi, kisha wanatoweka. Desemba mke anawaalika mafundi hao na wake zao kwenye sherehe ya kumaliza nyumba ambayo haijamalizika. Kwa kuogopa aibu mbele ya wake zao, wanarudi mbio kuimaliza. Nilicheka sana. Mafundi wa Rumonge nao wanaijua hiyo njia ya kutoweka.

Ni rahisi kumlaumu Mayle kwamba anawacheka wakulima. Sikubaliani na lawama hiyo, kwa sababu anajicheka yeye mwenyewe kabla ya wengine. Kasoro ninayoiona iko katika kurasa chache za mwanzo, anapokuja jirani yake Faustin. Faustin ndiye anayelima mizabibu ya shamba hilo kwa mkataba wa kugawana: mwenye shamba ananunua miche, mkulima anafanya kazi, na mavuno yakiuzwa mkulima anachukua theluthi mbili. Nyumba imepata mwenyewe mpya, kwa hiyo Faustin ana wasiwasi. Amesikia kuhusu wageni wanaong'oa mizabibu ili wajenge uwanja wa tenisi. Mayle anamtuliza, wanakubaliana, na kitabu kinarudi kwenye chakula.

Msomaji wa Rumonge hawezi kupita hapo haraka hivyo. Kwetu michikichi ndiyo mizabibu yetu. Mawese yanalisha nyumba nyingi kuliko hata ndagala wa ziwani. Mwaka 1972, baada ya mashambulizi yaliyoanzia huku kusini na mauaji makubwa yaliyofuata, watu wengi walikimbilia Tanzania na Kongo. Mashamba yao yakachukuliwa na wengine, baadhi yao wakiwa na karatasi za serikali mkononi. Waliokimbia waliporudi, walimkuta mtu amezeeka chini ya michikichi ile ile. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 kwanza ilipendelea pande mbili zigawane, baadaye ikaelekea kumrudishia mkimbizi shamba zima. Kila uamuzi uliacha familia moja ikilia.

Sisemi Mayle alipaswa kuandika habari za vita. Nasema fani yake inategemea jambo moja asilolitaja: hakuna atakayebisha hodi kudai kwamba nyumba ile ni ya babu yake. Kwa sababu ardhi imetulia, upepo, bomba na meza nzito ya mawe vinaweza kuwa mikasa. Lakini kwa Faustin ardhi haijatulia. Riziki yake imo katika hiari ya mnunuzi ambaye hajui hata kupogoa mzabibu, na hofu yake inageuzwa kichekesho cha tenisi. Laiti mwandishi angekaa naye mwezi mmoja zaidi! Hata mkewe Mayle, anayetoa hila bora kuliko zote kitabuni, tunamaliza miezi 12 bila kuambiwa jina lake.

Wenzangu darasani waliniuliza kama kitabu hiki kinatafsirika kwa Kiswahili. Naona kinatafsirika, na vyakula havitasumbua sana. Neno gumu litakuwa lile la mkataba wa Faustin. "Kugawana" linatosha kwa maana, ila likisomwa Rumonge watu watafikiria tume, wataanza kuuliza shamba lilikuwa la nani kabla ya Mayle, na kitabu hakina jibu.