Usifungue: Kusoma waranti ukiwa Laini Saba

Kuna maandishi ambayo yako karibu kila nyumba Laini Saba na ni nadra umpate mtu aliyeyasoma hadi mwisho. Ni ile karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya boksi la pasi, blenda ama birika ya stima. Waranti. Wengine huitupa pamoja na boksi. Wengine huiweka juu ya kabati na risiti yake, na kwa vile risiti za siku hizi huchapwa kwa joto bila wino wowote, baada ya miezi michache risiti inabaki nyeupe kama shuka la hoteli. Waranti bado ina miezi mitano, lakini ushahidi kwamba ulinunua kitu umeshafutika.

Nimekusanya hizi karatasi kadhaa, za kwetu na za majirani, na nikazisoma vile tulivyofundishwa kusoma hadithi fupi. Nani anasimulia? Anamsimulia nani? Nini kimeachwa nje? Ukisoma hivyo unagundua haraka kwamba karatasi inayojifanya ahadi ni orodha ya vizuizi. Ahadi yenyewe huchukua sentensi moja, kwamba kitu kikiharibika ndani ya mwaka tutakitengeneza. Baada ya hapo ukurasa mzima ni "isipokuwa". Isipokuwa stima ilipanda ama ilishuka ghafla. Isipokuwa kifaa kilitumika kwa biashara. Isipokuwa kilifunguliwa na mtu asiyeidhinishwa. Isipokuwa huna risiti.

Sasa ziweke hizo "isipokuwa" kwa ground. Stima ya huku kwetu, iwe ya tokeni ama ya sambaza, haitulii. Jioni kila mtu akiwasha koili ya kupikia, taa zinafifia na friji ya jirani inaanza kulia kama mtu mwenye pumu. Stima ikipotea, ikirudi inarudi kwa kishindo. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote iliingia giza, hadi uwanja wa ndege wa JKIA, na wenye magazeti wakaandika kama habari kubwa. Huku ni hali ya hewa. Kuhusu biashara, blenda ya hapa haikununuliwa kutengeneza smudhi ya Jumapili asubuhi. Ilinunuliwa na mama fulani anayeuza juisi ya maembe kando ya reli, na inazunguka kuanzia saa nne asubuhi. Na mtu asiyeidhinishwa ni fundi, yaani mtu pekee unayeweza kumfikia kwa miguu.

Kwa maneno mengine, njia zote ambazo kifaa kinaweza kufia Laini Saba zimeshaandikwa nje ya ahadi. Msomaji aliyekusudiwa na hii karatasi anaishi mahali ambapo stima haichezi, ana faili la kuweka risiti, na ana muda na nauli ya kupeleka pasi ya shilingi 900 hadi kituo cha huduma upande mwingine wa mji. Sisi tulinunua kitabu, lakini hatukuandikiwa.

Maandishi ya pili ni kifaa chenyewe. Fundi mmoja wa hapa kwetu ana mazoea ya kugeuza kitu juu chini kabla ya kuuliza kina shida gani. Anatafuta skrubu. Zikiwepo nne za kawaida, anavuta stuli. Zikiwa za zile pembe tatu zinazotaka bisibisi ya kipekee, anaguna. Zikikosekana kabisa, mwili wote umebanwa kwa gundi na vishikizo vya plastiki vinavyovunjika mara tu unapovifungua, anakurudishia. "Boss, hii haikutengenezwa ifunguliwe." Hiyo ni hukumu ya mhakiki mzoefu, na amefika kwayo kwa sekunde tano.

Ukitaka mifano, iko. Pasi nyingi za siku hizi zina fyuzi ndogo ya joto iliyofichwa ndani. Ikiungua, pasi nzima imekufa, ingawa kila kitu kingine ni kizima. Kifaa hicho ni cha bei ya peremende kadhaa, na ni kizuri maana kinazuia moto, ila kukifikia ni lazima uvunje kishikio. Balbu za LED zinauzwa kwa ahadi ya miaka, lakini ndani vitaa vyake mara nyingi vimefungwa kwa mstari mmoja, hivyo kimoja kikikufa vyote vinazima. Fundi anakitafuta kile chenye doa jeusi, anakiruka kwa tone la risasi ya kulehemu, na balbu inawaka tena kwa muda. Blenda nayo ina kile kigurudumu cha meno kinachounganisha mota na jagi. Kikiwa cha plastiki laini, maembe ya barafu yanakimaliza. Mota iko sawa, jagi liko sawa, lakini kipande cha katikati hakipatikani hata ukizunguka Luthuli Avenue siku nzima, kwa sababu modeli iliyofuata ilibadilisha idadi ya meno.

Sasa weka kando pasi ya makaa. Bawaba moja, kishikio cha mbao, na kufuli lenye umbo la jogoo. Sokoni Toi bado utaona shati la mtumba likinyooshwa kwa hiyo. Mbao ikiungua, unachonga nyingine. Sisemi turudi huko. Ni nzito, inatoa moshi, na cheche moja inatosha kuharibu shati la mtu. Nasema tu kwamba yeyote akiitazama anaelewa inavyofanya kazi, na hilo ni sifa ya maandishi mazuri popote.

Hapa kuna mtego ambao makala kama hii hupenda kuuingia: kusema kwamba zamani vitu vilikuwa imara na leo ni takataka tu. Si rahisi hivyo. Ile redio ya babu inayocheza mpaka leo ni ile iliyopona, na zilizokufa hatuzioni rafuni. Pia zamani vitu hivi vilikuwa vya wachache. Birika ya stima ya bei ya chini imempunguzia mtu wa zamu ya usiku dakika nyingi za kuhangaika na jiko. Mimi sitamcheka mtu kwa kununua cha bei rahisi. Bei rahisi ndiyo iliyotufungulia mlango.

Lakini mlango huo una ada. Tuseme pasi moja ni shilingi 800 na inadumu miezi minane, na nyingine ni 3,000 na inadumu miaka sita. Kwa miaka sita yule wa 800 atanunua pasi tisa, jumla 7,200. Amelipa zaidi ya mara mbili na amekaa siku nyingi bila pasi. Hakuchagua vibaya. Alikuwa na 800. Umaskini huku unalipwa kwa awamu, na kila awamu inaisha na kitu kilichokufa mkononi.

Na wapo waliopanga vitu vife. Desemba 1924, kampuni kubwa za balbu, zikiwemo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, zilikubaliana jijini Geneva kugawana soko kupitia umoja ulioitwa Phoebus. Mojawapo ya makubaliano yao ilikuwa kwamba balbu isipite saa 1,000, wakati kabla ya hapo nyingi zilikuwa zinafika 1,500 na zaidi. Mwanachama ambaye balbu zake zilidumu kupita kiasi alipigwa faini. Walijitetea kwamba balbu ya maisha mafupi inawaka vizuri zaidi, na kwa kiasi fulani sayansi iko upande wao. Lakini humpigi mtu faini kwa sababu ya ubora wa mwanga. Unampiga faini kwa sababu ya mauzo. Leo haihitajiki tena mkutano wa siri. Kila kiwanda kikipunguza senti moja hapa na skrubu moja pale ili kishinde mwenzake kwa bei, tunafika palepale.

Sasa tuje kwa fundi, kwa sababu hapo ndipo uhakiki wetu sisi vijana wa mjini huwa dhaifu. Tunampenda sana. Tunampiga picha. Tunaandika kuhusu ubunifu wa mtaani, kuhusu mikono inayofufua vitu. Mapenzi haya yana historia. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya 1972, ndiyo iliyosambaza ulimwenguni wazo la sekta isiyo rasmi, na tangu hapo jua kali imesifiwa na kila serikali. Sifa si mbaya. Ila angalia zinafanya kazi gani. Tukimsifu fundi kwa kutengeneza kitu kisichotengenezeka, tunamsamehe aliyekifanya hivyo. Masaa matatu ya fundi ya kutafuta njia ya kuingia ndani ya plastiki iliyogundishwa ni kazi ambayo mtengenezaji aliikwepa, na sasa inafanywa bure na mtu wa Laini Saba.

Ni bure kwa sababu hesabu inambana pande zote mbili. Birika mpya ikiwa 900, hawezi kukuitisha 700 za kazi. Utamwambia afadhali ninunue mpya, na utakuwa na haki. Kwa hivyo anachukua soo mbili, tatu, haidhuru imemchukua muda gani. Na vitu vinazidi kuwa vigumu kufungua. Bei ya vipya inamwekea dari, gundi inamwinulia sakafu, na katikati ya hapo mtu anatakiwa alipe kodi ya kibanda.

Kinachonikera zaidi ni wanafunzi. Ufundi huu haufundishwi kwa kitabu. Kijana anakaa pembeni, anafungua redio iliyokufa, anaharibu, anafungua nyingine. Ile rafu ya fundi yenye bodi za redio, mota za feni na waya za rangi zote ndiyo maktaba yake. Kifaa kisichofunguka ni kitabu kilichobandikwa kurasa. Kizazi kikikua na vitabu vya aina hiyo tu, baada ya miaka 20 tutakuwa na wauzaji na wateja, bila mtu wa katikati anayejua ndani kuna nini.

Na si kwamba tumekosa mfano bora, maana tunao wa nyumbani. Lile jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, ambalo kiuno chake ni chembamba kama saa ya mchanga, lilibuniwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuazima wazo la jiko la Thailand, kisha likapelekwa kwa wahunzi wa jua kali walitengeneze kwa mabati chakavu. Udongo ukipasuka, unaweka mwingine. Bati likiliwa na kutu, mhunzi analigonga jipya. Waliolibuni walijua atakayelitengeneza ni nani na ana vifaa gani, wakamwandikia yeye. Hiyo heshima ndiyo inayokosekana kwenye blenda.

Sheria inasema nini? Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na pia haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Soma hiyo ya pili polepole. Kama nafaidika kikamilifu na pasi, basi nafaidika nayo hata mwaka wa tatu, na habari ninazohitaji ni pamoja na jinsi ya kuifungua. Ramani ya nyaya ni habari. Nambari ya kipuri ni habari. Kibandiko cha KEBS kinaniambia kitu kilikuwa sawa siku kilipoingia nchini. Kuhusu siku kitakapozima, kiko kimya.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na kanuni zake za 2024 kuhusu wajibu wa watengenezaji, zinataka anayeleta bidhaa sokoni agharamie pia mwisho wake. Ni hatua nzuri, lakini uzito wake uko kwenye maziko kuliko matibabu. Ulaya wameanza na matibabu. Tangu Machi 2021 anayeuza friji kule lazima awe na vipuri vyake kwa angalau miaka 7, na mashine ya kufua miaka 10. Ufaransa, kuanzia Januari mwaka huohuo, televisheni zilianza kuuzwa zikiwa na alama juu ya 10 iliyoonyesha ni rahisi kiasi gani kuzitengeneza. Mnunuzi aliiona kabla ya kutoa pesa. Hebu fikiria alama hiyo ikiwa imebandikwa kwenye duka la River Road.

Huku nasi tunaishi na matokeo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya stima na elektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kuchakatwa inavyofaa. Nyingine unainusa jioni mtu akichoma waya ili apate shaba, na nyingine inashuka na mvua kuelekea Nairobi Dam. Pasi tisa za miaka sita lazima zilale mahali.

Sidai vitu vya milele, na sidai bei ipande hadi tusiweze kununua. Skrubu nne badala ya gundi hazitaifilisi kampuni yoyote. Nadai kigurudumu cha blenda kinachouzwa peke yake, kwa idadi ileile ya meno, miaka mitano mfululizo. Nadai waranti isiyofutika kwa sababu mtu wa mtaani alishika bisibisi. Na kwenye ile karatasi, pale palipoandikwa kwa herufi kubwa usifungue, nataka nisome maneno kama haya: kabla ya kufungua, chomoa plagi na usubiri ipoe, kisha anza na skrubu mbili za nyuma.