Nafsi Iliyopakwa Wino: Msimulizi katika The Black Banners ya Ali Soufan

Wahakiki wa tawasifu wamezoea kuuliza ni kwa kiasi gani msimulizi anayesema "mimi" anastahili kuaminiwa. Kitabu cha Ali Soufan, The Black Banners, kinazua swali jingine: tuisomeje tawasifu ambayo "mimi" wake amefutwa na dola ile ile aliyoitumikia?

Soufan, mzaliwa wa Lebanon, alikuwa afisa wa FBI kuanzia 1997 hadi 2005, mmoja wa wachache shirikani humo waliokimudu Kiarabu. Aliongoza uchunguzi wa shambulio la meli ya USS Cole huko Aden mwaka 2000, ambamo mabaharia 17 waliuawa; na mwaka 2002 alishiriki kumhoji Abu Zubaydah katika kizuizi cha siri. Alipotoa ushahidi juu ya mahojiano hayo mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 2009, aliketi nyuma ya pazia: sauti bila uso. Mswada wa kitabu uliidhinishwa na FBI, lakini CIA ikadai maneno mengi yaondolewe. Hivyo toleo la 2011 lilitoka na mistari myeusi, na katika sehemu ya Abu Zubaydah hata viwakilishi vya nafsi ya kwanza vilipakwa wino.

Hapa sarufi ya Kiswahili yatufaa. Katika Kiingereza kiwakilishi husimama peke yake. Ukikifuta, kitenzi hubaki mjane, lakini hubaki. Kwetu nafsi imo ndani ya kitenzi. Ukifuta ni- katika "nilimuuliza", kinachosalia si neno. Mkaguzi angelazimika ama kulifuta tendo zima, ama kuigeuza sentensi iwe katika kauli ya kutendwa: "aliulizwa". Njia hii ya pili twaijua mno. Ndiyo lugha ya barua za ofisi zetu, ambamo mambo huamuliwa na watu huhamishwa pasipo aliyeamua wala aliyehamisha. Wino mweusi angalau unakiri kwamba palikuwa na mtu.

Na kuwapo kwa mtu huyo ndiko kulikogombewa. Soufan anadai kwamba Abu Zubaydah alitoa habari nzito, ikiwamo nafasi ya Khalid Sheikh Mohammed katika mashambulio ya Septemba 11, alipohojiwa kwa maarifa na subira, kabla ya mateso ya Agosti 2002, alipomiminiwa maji usoni mara 83. Pasipo "mimi" chumbani, hoja hiyo haina shahidi. Kiwakilishi kikifutwa, hoja nayo imefutwa.

Toleo la 2020 lilirejesha yaliyofichwa. Kama hati ya kihistoria, limepata faida kubwa. Kama kazi ya sanaa, kwa maoni yetu, limepoteza. "Mimi" aliyerudi ni shujaa asiyeteleza: kila mgogoro na wakubwa au na shirika jingine humkuta yeye yuko upande wa haki. Wino ulikuwa umempa msimulizi heshima ambayo mtindo wake haumpi. Pale anapong'aa ni katika mahojiano ya Abu Jandal huko Yemen mwaka 2001. Mahabusu hagusi biskuti alizowekewa. Mpelelezi anatambua kwamba ana kisukari, naye anamletea zisizo na sukari. Hapo msimulizi anamtazama mwenziwe kuliko anavyojitazama, na nathari inapata uhai.

Msomaji wa Kenya ataitafuta Nairobi ya Agosti 7, 1998. Imo, lakini kama kiungo katika mnyororo wa upelelezi. Utanzu huu humjali anayewinda na anayewindwa. Zaidi ya watu 200 waliokufa katika shambulio lile hawakupakwa wino, kwa kuwa hawakupewa nafsi ya kufutwa. Kasoro hiyo ni ya utanzu mzima, si ya Soufan peke yake.

Atakayekitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili itambidi achague toleo. Tungemshauri aanze na lile la 2011, kisha aamue atakiandikaje kitenzi kilichonyang'anywa mtenda wake.