Nyanya Hazipandi Ngazi

Niseme mapema ili tusipotezeane muda. Kosa la mradi wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, si ukarabati wa jengo la zamani la Soko Kuu, wala si kuchelewa kwa kazi, ingawa kuchelewa huko kumewaumiza wengi. Kosa ni kuling'oa Soko Dogo lililokuwa jirani yake na kusimamisha mahali pake jengo la ghorofa sita juu ya ardhi na mbili chini yake, kisha kutegemea kwamba litafanya kazi ya soko. Uamuzi huo ulizaliwa baada ya moto ulioliunguza Soko Kuu Jumamosi ile, Julai 10, 2021, wakati nchi nzima ilikuwa na majonzi na haraka. Mkataba wa takriban shilingi bilioni 28 ukasainiwa, mabati yakazungushwa, magazeti yakachapa picha ya jengo linalong'aa. Katika maelezo yote niliyoyasoma, sikuona mahali palipoeleza muuza nyanya atapandaje, na mteja wake atamfuata kwa sababu gani.

Mtu wa Songwa au Maganzo, huku kwetu Shinyanga, anaweza kuuliza Kariakoo inamhusu nini. Inamhusu sana. Kinachojengwa Dar es Salaam leo ndicho mshauri elekezi atakachokileta Kahama, Geita na Shinyanga mjini kesho, mchoro uleule, jina tu limebadilishwa. Na safari hii fedha zipo. Mradi wa TACTIC, wenye mkopo wa Benki ya Dunia, unagusa miji 45, Kahama na Geita zikiwemo, na masoko na stendi ni sehemu ya kinachojengwa. Tukikosea mchoro, tutalipa deni la jengo ambalo wauzaji wetu wamelikimbia.

Tuangalie soko linavyofanya kazi. Fuso inafika alfajiri na matenga. Kuli anashusha na kulipwa kwa tenga, na kila hatua anayoongezewa ina bei. Dalali anagawa, mchuuzi anachukua matenga mawili kwa mali kauli, anapanga mafungu. Faida yake kwenye fungu la shilingi 1,000 ni ndogo mno, kwa hiyo anaishi kwa wingi wa miguu inayopita mbele ya meza yake. Mteja naye hakutoka nyumbani kumtafuta yeye. Ametoka kazini, anaelekea kwenye daladala, ameona nyanya nyekundu, amesimama. Mpandishe mchuuzi huyo ghorofa ya tatu na umemvunjia kila kitu kwa mpigo: kuli anaongeza bei, nyanya inapondeka kwenye ngazi, maji ya kuoshea mchicha yanatiririka kwa jirani wa chini, na yule mteja wa njiani hapandi. Lifti haitaokoa. Lifti inataka umeme, fundi na fedha za matengenezo, na siku ikikwama, ghorofa za juu zimefungwa hata kama milango iko wazi.

Hili si jambo la kubahatisha. Tulishalijaribu na tukaona mwisho wake. Machinga Complex, jengo la ghorofa la wachuuzi pale Ilala, ilikamilika mwaka 2010 kwa mkopo wa NSSF wa zaidi ya shilingi bilioni 12. Lengo lilikuwa jema: watoeni vijana barabarani, wapeni mahali pa heshima. Vizimba vikagawiwa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba hivyo, hasa vya juu, ikakaa bila watu huku deni likivimba kwa riba. Wakati huohuo hatua chache tu kutoka hapo, kwenye eneo la Karume na Mchikichini, maelfu ya wafanyabiashara walibanana ardhini, kwenye mbao na mabati, katika soko ambalo limeungua zaidi ya mara moja, mara ya karibuni ninayoikumbuka ikiwa Januari 2022. Fikirieni uzito wake: mtu anaona ni bora kupanga mitumba mahali panapoungua kuliko kupanda ngazi za jengo la zege lililo jirani. Wapo viongozi waliosema machinga ni wakaidi. Nilikataa neno hilo wakati ule na nalikataa leo. Machinga alipiga hesabu ambayo mchoraji hakuipiga.

Baada ya Machinga Complex nilitarajia kwamba hakuna atakayepandisha tena soko la mkono kwa mkono ghorofani bila kwanza kueleza ni nini kimebadilika. Badala yake, tumerudi palepale, safari hii katikati ya Kariakoo, ubavuni mwa kazi ya mtu aliyetupa jibu zaidi ya miaka 45 kabla ya moto.

Mtu huyo ni Beda Amuli. Alisoma usanifu Haifa, Israeli, akarudi nyumbani, na mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe, wakati ofisi za usanifu Afrika Mashariki zilikuwa mikononi mwa wageni. Soko Kuu la Kariakoo, alilolifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1975, ndiyo kazi yake kubwa, na anayebishana kuhusu masoko ya ghorofa inampasa aanze hapo. Maana Amuli naye alijenga kwenda juu na chini. Tofauti ni kwamba kila ngazi ya jengo lake ilikuwa na sababu ya kuwepo na njia yake ya kufikiwa. Jumla aliiweka shimoni na kuipa barabara yake ya magari, ili mzigo mzito ushuke kwa uzito wake na usigongane na mnunuzi wa rejareja. Rejareja akaiacha usawa wa barabara, wazi kwa mitaa inayoizunguka, mtu anaingia huku na kutokea kule bila kujua ameingia ndani ya jengo. Juu ilibaki sehemu ndogo tu, unayoiona ukiwa chini.

Kisha lile paa. Nguzo za zege zinazofunguka juu kama miavuli iliyogeuzwa, zikikinga mvua na kuipeleka kwenye hifadhi ya maji chini ya ardhi, huku hewa na mwanga vikipita katikati yake. Soko la vyakula katika jiji la joto, linalopumua bila feni na kuvuna maji ya mvua, lilisanifiwa na Mtanzania wakati taifa lina miaka michache tu ya uhuru. Ndiyo maana naheshimu uamuzi wa kulikarabati badala ya kulivunja. Hapo mradi ulipatia, na wahandisi waliorudisha zege lililopigwa na moto wanastahili pongezi.

Lakini kwa nini kazi ya Amuli ikarabatiwe na mafunzo yake yaachwe nje ya uzio? Soko Dogo lilikuwa la chini, limeshikana na mtaa, miguu ikipita katikati yake. Lilihitaji sakafu inayooshwa, mitaro, vyoo, njia za zimamoto, nyaya za umeme zilizopangwa na paa jipya. Hayo yote yangewezekana bila kuligeuza mnara. Nitaambiwa ardhi ya Kariakoo ni ghali mno kuachiwa paa moja. Naikubali hoja hiyo kwa nusu. Ardhi ni ghali kwa sababu ya watu wanaopita chini. Thamani hiyo haipandi ghorofani yenyewe, na Kariakoo imetuonyesha hivyo kwa namna ya kuumiza. Jengo lililoporomoka Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 25 lilikuwa likichimbwa chini, na ilielezwa kwamba ilikuwa kutafuta nafasi zaidi ya biashara. Watu wako tayari kuchimba chini ya msingi wa jengo lililosimama, lenye watu ndani, ili wawe karibu na mtaa. Ukiyajua hayo, huwezi kunishawishi kwamba ghorofa ya tano itamfaa muuza bamia.

Sisemi ghorofa hazifai mjini. Ghorofa zinamfaa yule ambaye mteja amemkusudia: daktari wa meno, wakili, fundi cherehani mwenye wateja wake, saluni, ofisi ya chama cha akiba na mikopo, ghala la vitu vikavu. Zaidi ya wote, zinamfaa mkaaji. Mchanganyiko wa makazi na biashara hatukuletewa na vitabu vya mipango miji. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele, ilikuwa nyumba na duka kwa wakati mmoja. Mama aliuza maandazi barazani, jioni akaingia ndani kulala. Tumezivunja nyumba hizo kwa mamia na kujenga majengo ambayo usiku hayana jicho la mkazi hata mmoja. Kama mradi ungeacha soko chini na kupangisha nyumba juu, ningeutetea popote.

Kwetu ukanda wa madini, mfano mzuri uko jirani. Geita ilipofunguliwa soko la dhahabu Machi 2019, la kwanza nchini, kilichowavuta wachimbaji wadogo hakikuwa urefu wa jengo. Mapema mwaka huo, baada ya Rais Magufuli kukutana na wachimbaji wadogo mwezi Januari, walikuwa wameondolewa kodi ya zuio ya asilimia 5 na VAT ya asilimia 18. Kisha mizani, mnunuzi na ofisa wa serikali wakawekwa mahali pamoja. Biashara ilitengenezwa kwanza, jengo likaifuata.

Kwa hiyo madiwani wa Kahama, Geita na Shinyanga, mchoro wa soko ukiletwa mezani, msianze na rangi ya vioo. Agizeni wahesabiwe watu wanaopita mbele ya meza za sasa, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, na mtake kuonyeshwa ni wangapi kati yao watapita mbele ya kila kizimba kipya. Ulizeni nani atalipa umeme wa lifti mwaka wa tano. Waiteni makuli na wauza mchicha kwenye kikao kabla ya mkandarasi kupatikana, na kauli zao ziandikwe kwenye muhtasari. Mchoro ukishindwa hapo, urudisheni. Ardhi tunayo, na hakuna kinachotulazimisha kumpandisha ghorofani mtu anayeishi kwa fungu la shilingi 1,000.