Kiswidi cha mchezaji huanzia wapi

Aisha Masaka alipotoka Yanga Princess mwaka 2022 kwenda BK Häcken ya jijini Göteborg, Uswidi, mazungumzo ya vijiweni yalihusu mabao na mkataba, na baadaye Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Lugha ambayo angeamka nayo kila siku haikutajwa. Leo binti anayepiga mpira Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, anaweza kuiota njia hiyohiyo. Ndiyo maana ninataka kuchambua kazi yenyewe: mchezaji aliyekulia Morogoro anajifunzaje Kiswidi, na anakwama wapi.

Mwanzo ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu uwanjani Kiswidi ni amri fupi. "Rygg!" ni mgongo, yaani una mtu nyuma yako. "Tid!" ni muda, tulia na mpira. Ukichelewa kuelewa unapokonywa mpira, hivyo mwili unajifunza kabla ya kichwa, na baada ya wiki chache mgeni anaitikia kama wenzake. Halafu maendeleo yanasimama. Amri hazina sentensi, na kocha akitaka kufafanua mbinu ubaoni anahamia Kiingereza, maana Waswidi wengi wanakijua vizuri na kikosi kina wageni wa mataifa kadhaa. Wanafanya hivyo kwa wema, lakini wema huo ndio unaomnyima mgeni lugha. Kwa kijana wa shule ya kata, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kujibia mitihani, hasara ni mara mbili: mbinu anazipata nusu, na Kiswidi hakipati.

Wengine huegemea ndugu. Mkenya Victor Wanyama alifika klabu ya Helsingborg, Uswidi, mwaka 2007 akiwa bado kijana mdogo, na kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa tayari pale. Mariga alipohamia Parma ya Italia, Wanyama alirudi Kenya, kisha akaanza upya Ubelgiji. Ndugu ni msaada mkubwa kwa mgeni, ila akiwepo wa kuulizwa kila kitu, hitaji la kujifunza hupungua, na siku akiondoka pengo huonekana mara moja. Isabellah Andersson, mkimbiaji mzaliwa wa Kenya aliyepata uraia wa Uswidi na kuiwakilisha nchi hiyo katika marathoni ya mashindano ya dunia ya Daegu mwaka 2011, alikuwa katika hali tofauti. Aliyekwenda kuishi ana kila sababu ya kujifunza. Mwenye mkataba wa misimu miwili anahesabu siku.

Sasa tuiingie lugha yenyewe, kwa kuwa hapa Mmorogoro ana mtaji asioujua. Mtoto wa Mgeta au Matombo hukua na Kiluguru nyumbani, Kiswahili shuleni na sokoni, na Kiingereza sekondari. Kiswidi kitakuwa lugha yake ya nne, na kichwa chake kimeshazoea kuhama. Zaidi ya hapo, ngeli anazijua. Kiswidi kinagawa nomino katika mafungu mawili, la "en" na la "ett", na kivumishi hufuata fungu: en stor bil ni gari kubwa, ett stort hus ni nyumba kubwa, na nyumba zikiwa nyingi kivumishi kinakuwa stora. Mzungumzaji wa Kiingereza huona huo ni mzigo mpya. Aliyekua akisema mtu mkubwa, kiti kikubwa, viti vikubwa hashangai; kwake upatanisho umehamia tu mwishoni mwa neno.

Kitenzi nacho kinaonekana chepesi. Jag spelar, du spelar, de spelar: mimi, wewe au wao, kitenzi hakibadiliki. Lakini urahisi huo una mtego. Kwetu nafsi imo ndani ya kitenzi, "ninacheza" inajitosheleza. Mgeni wetu basi hudondosha jag na kusema "spelar" peke yake, na msikilizaji anabaki akijiuliza nani anacheza. Kosa hili linatoka moja kwa moja katika sarufi ya Kiswahili, na mwalimu asiyekijua Kiswahili anaweza kulichukulia kuwa uzembe.

Kigumu zaidi ni mpangilio. Katika sentensi ya kawaida ya maelezo, kitenzi cha Kiswidi hukaa nafasi ya pili. Vi spelar i dag, tunacheza leo. Ukitanguliza "leo", mtendaji lazima arudi nyuma ya kitenzi: i dag spelar vi. Kiswahili hakigeuzi chochote hapo. Kwa maoni yangu maelezo ya kanuni hayasaidii sana katika hili. Kinachosaidia ni kukariri sentensi nzima zinazoanza na leo, kesho, jana, baada ya mechi, na kuzirudia hadi sikio lenyewe likatae mpangilio mbaya, kama mchezaji anavyorudia kona ileile jioni nzima.

Sauti zinahitaji mwalimu mvumilivu. Irabu zetu tano zinakutana na tisa za maandishi, kila moja ikiwa ndefu au fupi, na urefu hubadili maana: glas yenye irabu ndefu ni glasi, glass yenye irabu fupi ni aiskrimu. Konsonanti za mwisho wa neno hutafuta irabu ya kuegemea kinywani mwetu, na rygg inageuka "rigi".

Halafu kuna saa, ambayo mchezaji akiikosea ni faini. Ujumbe wa klabu unasema kikosi kikutane "halv tio". Aliyezoea Kiingereza cha Uingereza anasikia saa nne na nusu asubuhi. Mswidi anamaanisha nusu ya kuelekea kumi yao, yaani saa tatu na nusu yetu. Mtanzania anageuza mara mbili: anapunguza nusu saa, kisha anahama saa sita. Hili lingeweza kufundishwa kwa mchana mmoja kabla ya kupanda ndege.

Shule rasmi ipo, na ni bure. Anayekusudia kuishi Uswidi mwaka mmoja au zaidi husajiliwa kwenye mamlaka ya kodi, hupata namba yake ya utambulisho, na manispaa humpa nafasi katika masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji, SFI, yenye kozi nne kutoka A hadi D na wastani wa angalau saa 15 kwa wiki. Tatizo la mchezaji ni safari za mechi na uchovu. Tena klabu nyingi husajili majira ya baridi, kabla ligi haijaanza mwezi Machi au Aprili, wakati giza linaingia mapema na hakuna anayesimama njiani kupiga soga. Mgeni aliyezoea Kiswahili cha kibarazani inabidi aende kuitafuta lugha: chumba cha kufulia cha jengo, ambako zamu huandikwa na jirani hukuuliza ukichukua yake, au meza ya kahawa ya wafanyakazi wa klabu.

Safari za wachezaji wetu Ulaya mara nyingi zimekuwa fupi. Haruna Moshi alikuwa Gefle ya Uswidi mwaka 2010. Shomari Kapombe, mtoto wa Morogoro, alikwenda AS Cannes ya Ufaransa mwaka 2013 na mwaka uliofuata akawa Azam. Mpira una sababu nyingi za kumrudisha mtu. Kwa upande wa lugha pekee, mwaka mmoja unaisha pale inapoanza kushika, ndiyo maana miezi ya kabla ya safari ina thamani kubwa.

Miezi hiyo inaweza kutumika hapahapa. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwemo cha Bigwa, vilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi, na sasa mpira wa wasichana umeingia katika vyuo hivyo kupitia mradi wa Mpira Fursa. Morogoro hiyohiyo ina shule ya Walutheri inayowafundisha wageni Kiswahili, kwa hiyo uzoefu wa kumtoa mtu mzima kwenye salamu hadi mazungumzo upo mjini. Ningeanza na saa, namba, sentensi za kuanzia "leo", na maneno ya uwanjani yakitamkwa na Mswidi aliyerekodiwa. Na kwenye mkataba wakala aombe kipengele kimoja: mwezi wa tatu wa mkataba ukifika, kocha msaidizi azungumze na mchezaji kwa Kiswidi, polepole, hata kama Kiingereza kingekuwa cha haraka zaidi.