Simama Hapa, Baba Watoto! Tumeionja TANZAM Kutoka Dar Hadi Matema

Hukumu naitoa mapema, maana siwezi kuikalia hadi mwisho: barabara kuu ya TANZAM ni burudani ya aina yake, na wengi wetu tunaipita tumelala. Jamani, tumelala! Tunapanda basi alfajiri, tunavuta pazia, filamu inawashwa, tunaamshwa Ruaha Mbuyuni tule chipsi kuku mbiombio, tunalala tena, tukifumbua macho ni Uyole. Kipupwe cha mwaka huu mimi na mume wangu tukasema basi. Watoto kwa bibi yao, gari letu wenyewe, masharti mawili: hakuna kuendesha usiku, na yeyote akisema "simama", gari linasimama bila mjadala. Sauti imenikauka kwa kusema "simama".

Najua kuna atakayeuliza, kwa nini msipande SGR? Treni hiyo, iliyoanza kubeba abiria 2024, ni tamu, sikatai. Lakini ikishafika Morogoro inashika njia yake ya Dodoma. Uhondo ninaousimulia unaanzia pale treni inapotuacha.

Mikumi: mbuga ya bure, mchana kweupe

Hebu fikiria. Umo kwenye lami, nyuma yako lori la shaba, mbele yako basi la Mbeya, na kulia kwako, hatua chache tu, tembo anavunja tawi! Kilomita 50 hivi za barabara zinakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, na anayepita njia kuu halipi kiingilio. Twiga wapo. Pundamilia wapo. Swala hata usiwahesabu. Nyani wameketi ukingoni wanawakagua abiria mmoja mmoja, na msiwape chakula hata wakikutazama kwa huruma, maana aliyezoea kulishwa haogopi tena gari, na asiyeogopa gari huishia kugongwa.

Mchana mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa, usiku 50. Kilichonifurahisha ni vibao vinavyoorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa: twiga ana bei yake, tembo ana bei yake, na bei zenyewe ni za dola. Mume wangu aliisoma orodha yote, akapunguza mwendo bila kuambiwa na mtu. Ndoa ina miaka mingi na sijawahi kuona akitii hivyo!

Mibuyu, vitunguu na Kitonga

Ukishauacha mji wa Mikumi, milima inakusogelea, Mto Ruaha Mkuu unaambatana na barabara, halafu ghafla: mibuyu! Si mmoja, si kumi. Bonde zima, mlima hadi mlima, imejazana kama ndugu wa bibi harusi wanaopanga mstari wa picha, minene, wakubwa nyuma wadogo mbele. Katika kipupwe haina jani hata moja, na ndiyo raha yenyewe, kwa sababu unaliona kila tawi. Hapa nilisema "simama" mara nyingi hadi mwenzangu akaacha kuzima taa za dharura.

Ruaha Mbuyuni ni makao makuu ya vitunguu. Vimefungwa kwenye nyavu nyekundu, vimepangwa kando ya lami, na wauzaji wanakimbia kuliko waamuzi wa mpira. Msinunue mkienda, nunueni mkirudi, la sivyo gari litanuka kitunguu hadi Ziwa Nyasa.

Kisha Kitonga. Weee! Kutoka ndani ya basi Kitonga ni mlima tu unaoziba masikio. Kutoka kiti cha mbele cha gari dogo ni kitu kingine kabisa: mwamba upande mmoja, shimo upande wa pili, misitu chini, na malori ya Zambia na Kongo yakinguruma kwa gia namba moja. Ukiona matawi mabichi yametandazwa barabarani, jua kuna lori limekufa kwenye kona inayofuata. Hicho ndicho kibao cha tahadhari cha madereva wetu, na kinaeleweka kuliko vya kiwandani. Usithubutu kulipita lori kwenye kona. Shusha vioo, vuta subira, sikia hewa inavyobadilika. Chini mlikuwa mnajipepea kwa magazeti, juu mnatafuta masweta.

Iringa: hapa msipite, hapa mlale

Kabla ya kufika mjini kuna Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilimuua kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, na kulisambaratisha kundi lake. Mnara wa kumbukumbu upo. Mabasi hayasimami. Sisi tulisimama.

Barabara kuu haiingii Iringa, inapita chini, Ipogolo, ndiyo maana abiria wengi wanaujua mji huu kwa taa zake za kilimani tu. Pandeni! Nendeni Kalenga, kijumba cha makumbusho kinakohifadhiwa fuvu la Mkwawa. Mwaka 1898 Mkwawa alijiua asikamatwe, Wajerumani wakakichukua kichwa chake. Sasa sikilizeni: Mkataba wa Versailles wa 1919, ule ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza kwa kugawa mipaka ya Ulaya, una ibara ya 246 inayoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo. Mataifa makubwa yameketi Ufaransa, na Mhehe wetu yumo kwenye karatasi! Fuvu lilirudi 1954, likakabidhiwa na Gavana Edward Twining. Unasimama mbele ya kioo kile, mwili unasisimka.

Chakula cha mchana kiwe Neema Crafts, karakana na mgahawa unaoendeshwa na watu wenye ulemavu. Wahudumu wengi ni viziwi. Oda mnaandika, au mnajifunza ishara mbili tatu zilizoelekezwa mezani. Mume wangu, ambaye nyumbani haoni pa kuweka neno, aliongea kwa mikono kwa ufasaha wa ajabu.

Halafu Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwenye njia ya Mbeya. Hapa ndipo nilipoishiwa maneno. Korongo limejaa nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na mvua na upepo, ndefu kuliko nyumba za ghorofa, nyingine zimebeba mawe vichwani hadi unajiuliza kwa nini haziangukii watu. Hatua chache kutoka hapo, chini ya mapaa ya kuhifadhia, yamelala mashoka ya mawe ya watu wa kale, yenye umri unaokadiriwa kupita miaka 200,000. Yamelala pale pale yalipochimbuliwa! Mwongoza wageni alituonyesha shoka lililochongwa pande zote mbili, limekaa sawasawa kiganjani. Fundi wa zama hizo alikuwa fundi.

Nyanda za juu, mwendo wa haraka

Mafinga na Sao Hill ni misonobari, misonobari, kisha misonobari tena, msitu mkubwa wa kupandwa kuliko wote nchini. Ni pazuri, lakini dirishani panatosha. Kama mna muda wa ziada, kateni kushoto kwenda Mufindi kwenye mashamba ya chai na ukungu wake. Sisi tulinunua kikapu cha milulu, kazi ya akina mama wa Iringa, tukasonga.

Chimala ndiyo inayonisumbua hadi leo. Kutoka pale kuna njia inayopanda ukuta wa mlima kwenda Matamba na Kitulo, na watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Hifadhi ya Kitulo, waiitayo Bustani ya Mungu, huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa hiyo kipupwe si msimu wake. Tumeitazama njia ile kutoka chini, tumeiwekea ahadi.

Kimondo! Kimondo! Kimondo!

Kama mngeniruhusu kusimama mahali pamoja tu, ningechagua Ndolezi. Mnaipita Mbeya kwa kilomita 70 hivi kuelekea Tunduma, mnaingia Mbozi katikati ya mashamba ya kahawa, mnafuata njia ya vumbi, na hapo kilimani kuna chuma kilichotoka angani. Tani 16! Urefu wa mita tatu! Kwa asilimia 90 hivi ni chuma, kilichobaki zaidi ni nikeli. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani, na mnaruhusiwa kukigusa.

Dunia ya wataalamu ilikijua 1930, ingawa wenyeji walikifahamu tangu zamani. Wakati ule sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa; wakachimba kuuzunguka mzigo wote, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha wakaijengea zege, ndiyo maana leo kinaonekana kimeketi kwenye kiti chake. Hakuna shimo la kuangukia. Hakuna hata simulizi la mababu kuhusu siku hiyo, ishara kwamba kilianguka zamani mno. Nilikigonga kwa funguo, kikalia. Nilikiegemea, kilikuwa cha baridi. Mume wangu akanong'ona, "Mama watoto, hiki kimesafiri kuliko sisi." Nikacheka hadi mlinzi akaja kuuliza kama tuko salama.

Rungwe hadi maji

Rudini Uyole, kateni kwenda Tukuyu, na mtadhani mmevuka mpaka. Kila kitu kijani: migomba, chai, parachichi, viazi, na Mlima Rungwe umekaa juu ya vyote kwa mita zake zaidi ya 2,900. Msimu ni wa kiangazi kwingine kote, huku mvua inajipitia tu inapotaka.

Vituo vya lazima ni viwili. Daraja la Mungu ni tao la mwamba juu ya Mto Kiwira, ambalo halikujengwa na mhandisi yeyote: lava ya volkeno ilishuka, ikaganda, mto ukajitafutia njia chini yake. Kijungu ni jirani yake, na ni kichaa zaidi. Mto mzima unaingia kwenye chungu cha mawe, unazunguka kwa hasira, unazama chini ya mwamba, kisha unatokeza mbele kana kwamba hakuna lililotokea! Simameni mbali na ukingo, mawe yana utelezi.

Mwenye miguu apande Ngozi, ziwa lililojificha ndani ya kreta juu ya Milima ya Uporoto. Njia ni ya msitu na mianzi, inapanda kweli kweli, na ukifika ukingoni maji yako chini sana, ya kijani, hayana ndege wala mtumbwi. Wenyeji watakuonyesha kwamba lina umbo la ramani ya Afrika. Kwa mara ya kwanza safari nzima, sote wawili tulinyamaza.

Kisha barabara inaporomoka hadi Kyela, kwenye mpunga na kakao, joto linarudi, masweta yanatupwa kiti cha nyuma, na Matema hiyo hapo! Mchanga laini, maji ya Ziwa Nyasa yanayoonekana hadi chini, na Milima ya Livingstone imeshuka moja kwa moja ziwani bila kuacha nafasi ya kupita. Vyungu vya akina mama wa Kikisi vimepangwa ufukweni, vyepesi na vimechorwa kwa mkono. Wali wa Kyela, samaki wa ziwani, pilipili ya kuchoma. Sina la kuongeza.

Kasoro, maana zipo

Vibao vya kuelekeza vivutio ni vichache na vingine vimefifia. Mtu wa haraka anaipita Isimila bila kujua. Vyoo safi ni vya kutafuta kwa tochi. Na tukitaja tochi, askari wa barabarani wenye kamera za mwendo wapo kila penye kibao cha 50, kwa hiyo kijiji kikianza, mguu utoke kwenye mafuta. Malori hayana huruma wakati wa magharibi. Ikifika saa kumi na moja jioni, tafuteni pa kulala. Gari dogo linatosha kwenye lami, ila njia za pembeni zinaweza kulitesa mvua ikinyesha.

Bebeni fedha taslimu za viingilio, masweta mazito, gurudumu la akiba lenye upepo, na mtu mnayeweza kuongea naye. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote. Nyumbani mazungumzo yetu ni ada za shule na luku. Huku tuligombania kama nguzo ya Isimila inafanana na mjomba wangu au mjomba wake.

Alama zangu: 9 kati ya 10, na moja iliyobaki nimeizuia kwa sababu ya vibao. Kimondo peke yake ni 10. Enyi wenye wenza na magari yenye breki nzima, msisubiri kuitwa msibani Mbeya ndipo muijue njia hii. Nendeni kati ya Juni na Septemba, ondokeni Dar jua linapochomoza, na mkifika kwenye mibuyu, simameni.