Format All ya Dakika ya Sita

Video ya yule fundi mmeshaiona. Imezunguka kwenye magrupu ya mafundi kuanzia Sumbawanga mjini hadi Matai na Namanyere, na wasio na grupu wameonyeshwa na watoto wao. Jina lake sitaji, wala kibanda chake. Kisa nacho mnakijua: Android yenye chipu ya MediaTek, mali ya mnunuzi wa mahindi wa Laela, ilipokea apdeti usiku ikiwa kwenye chaji, asubuhi ikagandia kwenye logo. Ikaletwa mjini. Dakika ya sita fundi akabonyeza "Format All + Download", simu ikawaka, na waliosimama kibarazani wakapiga makofi.

Makofi ya nini? Simu ile ilikuwa na njia zaidi ya moja ya kurudi na kila kitu chake ndani. Fundi aliziruka zote, akaenda moja kwa moja kwenye ile ambayo ukishaipita hakuna kurudi.

Nimpe haki yake kwanza: betri aliichaji kabla ya kugusa chochote, waya ulikuwa wa data na si wa chaji tu, na mikono yake haina papara. Tuendelee.

Rudisheni video mpaka dakika ya pili. Simu inajizima, inajiwasha, halafu inatoa ile skrini inayosema mfumo haukupakika na huenda data zina hitilafu, chini yake chaguo mbili: "Try again" na "Factory data reset". Fundi anaielekeza kwa kamera, anatamka kwa sauti ya daktari: "Data zimeshakufa." Nani kamwambia? Skrini ile inaletwa na Rescue Party, utaratibu uliowekwa tangu Android 8 wa kukamata simu inayoanguka na kuinuka bila kufika popote. Haujafungua picha hata moja kukagua. Umehesabu tu kwamba mfumo umeanguka mara nyingi mno kwa muda mfupi, basi unamtupia binadamu uamuzi. Tena fundi makini angefurahi kuiona, kwa sababu ina habari njema tatu ndani yake: butiloda inafanya kazi, rikavari inapakika, na hifadhi inasomeka. Simu iliyoharibika kweli haikuonyeshi maandishi. Inakuonyesha giza, na kwenye kompyuta unabaki kuomba preloader ionekane.

Kilichofuata kilipaswa kuwa "Try again", na ikishindikana, tena na tena. Msicheke. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 kuna mpangilio wa A/B, ambapo apdeti haiandikwi juu ya mfumo unaotumika bali pembeni yake, na mfumo mpya ukishindwa kuwaka mara kadhaa butiloda inarudisha ule wa zamani yenyewe. Android 11 ikaleta Virtual A/B, inayofanya kazi hiyohiyo bila kula nafasi mara mbili. Simu ya mnunuzi wetu ni ya kizazi hicho; mmeona mfano wake ukisomwa kwenye kompyuta dakika ya nne. Maana yake toleo la jana yake lilikuwa bado humo ndani linasubiri kuitwa. Nakubali kuna uwezekano lisingeitika: mfumo mpya ukiwaka mara moja salama, unajihesabu umefaulu, unajiunganisha moja kwa moja na mlango wa nyuma unafungwa. Lakini hilo unalijua kwa kujaribu, na kujaribu hakugharimu chochote.

Njia ya pili ilikuwa humo humo kwenye rikavari: "Apply update", kwa kadi au kwa ADB. Unaweka furushi kamili la toleo lile lile, linaandikwa upya juu ya mfumo, na userdata haiguswi. Ya tatu ilikuwa kwenye SP Flash Tool yenyewe ambayo fundi alishaifungua. Ile orodha ya juu ina "Download Only". Unapakia faili la scatter, unaondoa tiki kwenye userdata, unaandika boot, super na wenzake, basi. Kipanya chake kilipita juu ya "Download Only" kabla ya kushuka. Tazameni vizuri, dakika ya tano na sekunde kama hamsini. Kilisita pale. Alikuwa anaijua.

Basi kwa nini alishuka? Nadhani jibu liko kwenye folda aliyoifungua. Jina la faili linaonyesha mwezi: firmware aliyokuwa nayo ni ya zamani kuliko apdeti iliyoingia usiku. Na hapa fundi wetu alikuwa na nusu ya elimu, ambayo ni hatari kuliko kutojua kabisa. Funguo za usimbaji wa data zimefungwa na toleo la mfumo na tarehe ya kiraka cha usalama. Ukirudisha mfumo wa zamani chini ya data mpya, Keymaster inakataa kutoa ufunguo na simu inagoma. Alilijua hilo. Kwa hiyo akaona ana mambo mawili: apakue firmware mpya, GB kadhaa kwa bando lake mwenyewe, au afute kila kitu ili pasiwe na data ya kugombana na mfumo. Akachagua kulinda bando. Data za mteja zikalipia.

Nimeshaandika kuhusu bando, na mtaniambia nimeanza tena. Nimeanza tena. Kibanda kinachojiita cha software hakina maktaba ya firmware, kina flashi iliyojazwa Mbeya mwaka juzi na kuazimwa mkono kwa mkono, halafu tunashangaa kila ugonjwa unatibiwa kwa dawa moja. "Format All" imependwa kwa sababu inamaliza yote: patani uliyosahau, akaunti ya Google iliyofunga simu, virusi, kugandia kwenye logo. Kijana anayejifunza kazi kwa kutazama video za YouTube za dakika tatu hajifunzi kuuliza simu ina nini. Anajifunza kitufe.

Na swali lenyewe aliuliza! Dakika ya tisa, simu ikiwa inawaka na lile neno la kukaribisha, anamgeukia mwenye simu: "Mzee, kulikuwa na vitu vya muhimu?" Kulikuwa na picha za daftari la wakulima waliokopeshwa mbolea, kijiji kwa kijiji, pamoja na sauti za WhatsApp za makubaliano ya bei. Mzee wa watu alinyamaza, na video ikakatwa hapo ikarukia kwenye muziki.

Msimtume mtu yeyote kwenye programu za kurudisha picha. Zamani, simu zisizosimbwa, ungeweza kuchokonoa hifadhi ukapata mabaki. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 kwenda mbele lazima ziwe na usimbaji wa faili, na ufunguo ukifutwa kilichobaki ni kelele tupu. Anayemwambia mzee ampe pesa azitoe ni mwizi.

Halafu kuna jambo ambalo makofi yalilifunika. Dakika ya kumi na moja anapiga *#06# na IMEI zote mbili hazipo. Bila shaka hazipo. "Format All" imefagia NVRAM, mahali IMEI inapokaa pamoja na anwani ya Wi-Fi na vipimo vya redio ya simu. Alizinakili kutoka kwenye boksi akaziandika upya kwa dongle yake, namba zilezile, na hapo alifanya sawa. Lakini je, boksi lisingekuwepo? Wangapi kati yetu wana boksi? Ndivyo vibanda vinavyoishia kuandika namba ya simu nyingine, na hilo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalitaja kuwa kosa la jinai. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA ilipozima simu feki, nchi nzima ikawa inapiga *#06# na kutuma namba kwenda 15090. Simu halisi yenye IMEI ya kubandika inajiweka yenyewe kwenye foleni ya kuzimwa.

Vile vipimo vya redio navyo haviko kwenye boksi. Kila simu hupimwa kiwandani peke yake. Ukivifuta, unabaki na vya jumla. Pale mjini Sumbawanga, mnara ukiwa karibu, hutaona tofauti. Mwenye simu ananunua mahindi vijiji vya mbali na mnara, na wanunuzi wengine huteremka mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Akilalamika wiki ijayo kwamba mtandao unakatikakatika, mtamwambia kampuni za simu ni mbovu.

Wazee wetu wa Nokia wasingefanya hivi, na nitawataja kila nikipata nafasi. Enzi za 3310 na 1100, fundi mwenye boksi la UFS au JAF alikuwa na mazoea yasiyovunjwa: simu ikiingia, unasoma PM kwanza, yaani kumbukumbu ya kudumu ya simu, unaihifadhi kwa jina la mteja, ndipo unaandika. Walijua kwamba ukiharibu PM unamkabidhi mteja "Contact Service" na simu isiyoshika mtandao. Hawakuwa na intaneti ya maana, kompyuta zao zilikuwa mizigo ya Windows XP, na bado "Read" ilitangulia "Write". SP Flash Tool ina kitufe cha "Readback". Mkononi mwa wazee wale kingeisha rangi. Na huku Ufipa kusoma hatua haikuanza na simu: wayeyusha chuma waliokuwa na matanuru marefu ya udongo, malungu, walitoa donge, wakalipeleka kwenye kintengwe kulisafisha, ndipo mhunzi alipoligusa. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuruka kintengwe.

Mtaniambia kampuni zenyewe ndizo zinazoleta balaa. Kweli, na kwenye hilo siwatetei. Septemba 2014 Apple ilitoa iOS 8.0.1, iPhone 6 zikapoteza mtandao, ikaondolewa baada ya saa moja hivi. Mwisho wa 2020 Xiaomi ilipeleka Android 11 kwenye Mi A3, simu zikazima kabisa, ikabidi kampuni izitengeneze bila malipo. Oktoba 2024 apdeti ya programu moja tu ya Samsung ilizigandisha Galaxy S10 na Note 10 zilizokuwa zimetumika miaka mitano, na watu wakaambiwa wafute kila kitu. Hao wa Samsung kufuta kulikuwa lazima, ndiyo maana ikawa habari ya dunia. Kwetu kufuta si habari, ni huduma.

Angalieni hata Apple, ambao mimi si shabiki wao. iPhone ikigandia, ukiiunganisha na kompyuta unapata vitufe viwili, "Update" na "Restore", na maelekezo yao yanasema anza na "Update" kwa sababu inaandika mfumo upya bila kugusa data. Mpangilio ule umelinda picha za watu wengi kuliko kozi zote za ufundi ninazozijua.

Na kuna mwaka 2021, wiki ile ya msiba wa Rais Magufuli, programu zilipoanza kujifunga zenyewe kwenye Android dunia nzima: Gmail, za benki, kila kitu. Chanzo kilikuwa apdeti ya WebView, kijenzi cha Android kinachoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu. Dawa ilikuwa kuingia kwenye mipangilio na kuondoa apdeti ile, jambo la dakika moja, au kusubiri Google watoe nyingine, nao walitoa upesi. Mnakumbuka ni simu ngapi zilizofleshiwa siku zile? Mimi nakumbuka foleni. Hakuna aliyerudisha pesa.

Jingine kabla sijasahau. Video hiyo ilipofika Dar mtu akaandika chini yake kwamba simu imerogwa, si iko Sumbawanga. Tumeuzoea utani huo na umechakaa. Simu haikurogwa. Ilipewa "Format All" na mtu aliyekuwa na "Download Only" chini ya kidole.

Atajitetea kwamba mteja alikuwa na haraka, basi la Laela lilikuwa linaondoka. Haraka ya mteja haizuii fundi kutoa sentensi moja: nikifanya hivi kila kilichomo kinafutika, nifanye? Dakika ya tano ilikuwa na nafasi hiyo.

Kwa mzee mwenyewe, kilichobaki ni hiki. Afungue akaunti yake ya Google kwenye kompyuta aangalie Photos. Kama kuna siku simu ilipata Wi-Fi ya gesti, huenda zingine zilipanda. Namba za watu zinaweza kuwa kwenye akaunti hiyo hiyo au kwenye laini. Pesa ya simu iko salama, haikai kwenye kifaa, na taarifa ya miamala inaombwa kwa kampuni ya mtandao. Zile sauti za WhatsApp ziko pia kwenye simu za wakulima aliozungumza nao, awapigie leo wamtumie. Na kabla ya hilo azime apdeti za kujiendesha usiku kwenye mipangilio, maana simu hiyo sasa ina firmware ya zamani, na usiku wa leo ikiwekwa kwenye chaji itaanza kuitafuta ile ile iliyoigandisha.