Uso Uko Kwenye Faili, Mgongo Uko Kwenye Filimu

Kuna aina ya picha ambayo sasa naijua hata kabla sijaigeuza niione. Jua linazama ziwani. Mtumbwi mmoja, mweusi. Mvuvi amesimama ndani, ametupa mgongo, wavu begani. Rangi ni ya machungwa na kahawia, kama kitu cha zamani, na ukitazama kwa karibu unaona chembechembe. Nyuma ya karatasi yameandikwa majina mawili: jina la kamera na jina la filimu. Jina la mvuvi hakuna.

Picha hizi hupigwa Jumamosi na Jumapili na watu wanaopenda kamera za zamani, zile za mkanda. Wapo hapa kwetu kwenye ufukwe wa Tanganyika. Ni wafanyakazi wachache wa mashirika wanaoshuka kutoka Bujumbura kwa barabara ya ziwa mpaka Rumonge, wengine mpaka Nyanza-Lac. Ni vijana wachache wa mjini waliorithi kamera ya baba au ya mjomba. Wanaonyeshana walichopata, wanasifiana, wanaulizana dawa gani ilitumika. Mimi nafanya kazi na vijana, wengi wao wametoka ng'ambo, Baraka, Fizi, Uvira, na mara kadhaa tumekaribishwa kuangalia. Nimeangalia vizuri. Haya ndiyo maoni yangu, na naomba msome mpaka mwisho, maana si lawama tupu.

Naanza na sifa. Filimu ya kawaida ya milimita 35 ina picha 36, basi. Ukizimaliza, umezimaliza. Simu inakuruhusu kupiga mia kabla chai haijapoa, na hakuna hata moja uliyoitazama. Mwenye kamera ya filimu anahesabu. Anapima mwanga, anasogea, anangoja. Nimemwona mmoja akikaa karibu na akina mama wanaoanika ndagala zaidi ya saa nzima, na mwishoni akapiga mbili tu. Mtu akikaa saa nzima mahali, lazima asalimie, lazima aulizwe ametoka wapi. Kwa upande huo ile kamera nzito inafundisha adabu kuliko simu.

Tena haoni alichopiga. Mpaka filimu isafishwe gizani kwa dawa, itoke negativu, ambapo cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe, halafu kutoka kwenye negativu itengenezwe picha ya karatasi. Watu walidhani mambo haya yamekwisha. Mwaka 2012 kampuni ya Kodak ililemewa na madeni mpaka ikakimbilia ulinzi wa mahakama. Lakini mwaka 2024 ilitoka kamera mpya kabisa ya filimu, Pentax 17, na waliolengwa ni vijana waliozaliwa na simu mkononi. Kwa hiyo hawa jamaa zetu wa wikendi si wazee wanaolilia ujana wao. Wanatafuta kitu, na nadhani wanatafuta kitu cha kweli.

Sasa tuje kwenye lile jua. Kwenye ufukwe wa Burundi jua linazama upande mmoja tu, upande wa Kongo, nyuma ya milima ya ng'ambo. Ukisimama Rumonge ukatazama magharibi unatazama Ubwari na Fizi. Mpiga picha anaona rangi. Kijana niliyekaa naye benchi moja aliona kitu kingine. Alinyoosha kidole kwenye mlima, jua hakulijali, akaanza kutaja vijiji kimoja baada ya kingine. Na wenyeji wa hapa nao wana historia na haya maji. Mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbia mauaji, wakavuka kwenda Tanzania na Kongo, na wapo waliorudi baada ya zaidi ya miaka thelathini. Hili ziwa limepitisha watu huku na huku. Picha ya machweo si mbaya. Ila imeelekezwa kwenye nyumba ya mtu, na mwenye kamera hana habari kama pale kuna nyumba.

Jambo la pili ni mapenzi ya uharibifu. Wapenzi wa filimu wanafurahia mwanga uliovuja ndani ya kamera, mikwaruzo, rangi iliyokufa kwa sababu filimu imepitwa na wakati. Wengine hutafuta makusudi filimu iliyopita tarehe. Wanasema makosa hayo yana roho. Mimi sibishani na ladha ya mtu. Lakini kwenye kikundi chetu kuna mama mmoja aliyevuka na picha moja tu, ameifunga kwenye mfuko wa sukari. Ni picha ya studio, ya wazazi wake. Maji yaliingia. Nusu ya uso wa baba yake imekuwa doa la rangi ya waridi. Alipoona zile picha za wikendi zenye madoa kama hayo, akauliza nani alizimwagia maji. Nilimweleza kwamba wanazipenda hivyo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Basi kama bako na dawa, banisafishie hii foto yangu, batoshe haya maji." Doa lile lile, kwa mmoja ni pambo, kwa mwingine ni baba aliyepotea mara ya pili. Mkosoaji hawezi kupita hapo kama hajaona.

Jambo la tatu ndilo kubwa, na ili nilieleze naomba twende kwanza Gulu, kaskazini mwa Uganda, mji uliokaa miaka mingi kwenye vita. Kuna studio pale inaitwa Gulu Real Art Studio. Mpiga picha Muitaliano Martina Bacigalupo, ambaye mwenyewe ameishi Burundi miaka kadhaa, alikuta huko picha za ajabu. Watu wamekaa kwenye kiti, wamevaa vizuri, mikono iko magotini, lakini pale penye uso pana tundu lililokatwa sawasawa. Sababu yake si uchawi. Mashine ya picha za vitambulisho ilikuwa inatoa nne kwa mara moja, na wateja wengi walikuwa hawahitaji nne. Kwa hiyo fundi alipiga picha moja ya kawaida, akakata uso, akampa mteja uso wake. Kiwiliwili kikabaki studio kama takataka. Bacigalupo aliyakusanya mabaki hayo, na mwaka 2013 yakatoka kitabu.

Mimi nimeziona picha hizo kwenye kompyuta tu, na sijawahi kuona picha zinazotueleza vizuri hivyo bila kutukusudia. Maana mkimbizi anajua kukatwa uso. Kila mmoja wetu aliyeandikishwa alisimama mbele ya kamera: tazama hapa, usicheke, toa kofia, mwingine. Uso ukaenda kwenye faili. Ni lazima, sikatai, bila huo uso hupati karatasi wala chakula. Lakini ule uso haukurudi kwako kama picha. Na sasa wikendi anakuja mtu na kamera nzuri ya zamani, anapiga kile kilichobaki: mgongo, mikono, wavu, kitenge, kivuli kwenye mchanga. Ukiziweka pamoja unaona tundu la Gulu. Faili lina uso, filimu ina mgongo. Mtu mzima hayuko popote.

Nilipowaonyesha vijana wangu picha ya mvuvi, mdogo wao kabisa aliuliza: "Uyu ni nani? Sura yake iko wapi?" Hakuna uhakiki niliousoma unaoshinda maswali hayo mawili.

Najua jibu la wafanyakazi wa mashirika, na ni jibu la heshima. Watasema: tunapiga migongo kwa sababu ya ulinzi. Sura ya mkimbizi ikisambaa inaweza kumletea hatari, na mtoto hawezi kutoa ruhusa ya jambo asilolielewa. Ni kweli kabisa. Kuna watu kwenye kikundi chetu ambao sura zao hazipaswi kuonekana mbali. Lakini hapa ndipo filimu ilipo na nguvu ambayo wapenzi wake wenyewe wameisahau. Picha ya simu ikishapigwa ni rahisi kukimbia kwenda kwa watu elfu. Picha ya karatasi inaweza kwenda kwenye mkono mmoja na kuishia hapo. Ukimpa mvuvi sura yake kwenye karatasi hujamtangaza. Umempa mali yake. Hatari inatoka kwenye kusambaza, na kurudisha si kusambaza.

Na sura inaweza kuwa dawa. Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994, kwenye kambi za Goma na Bukavu, watoto wengi sana walikuwa wamepoteza wazazi wao njiani. Mpiga picha Seamus Conlan na wenzake, wakishirikiana na mashirika, walipiga picha za maelfu ya watoto hao, mtoto mmoja mmoja, uso kwa mbele, ili picha zibandikwe mahali ambapo wazazi wangeweza kupita na kutazama. Wakati huo hakukuwa na simu za kamera. Ilikuwa ni filimu, dawa na karatasi. Picha zile hazikuwa na machweo. Ukizitazama leo kwa jicho la wikendi utasema hazina ufundi, zote zinafanana. Lakini mama aliyepita mbele ya ubao alikuwa anatafuta sura moja tu.

Sisemi kila picha iwe ya kutafuta ndugu. Raha nayo ni haki, hata kambini. Nasema tu kwamba sanaa ya picha Afrika haikuanza na mgongo wa mvuvi. Seydou Keïta wa Bamako alifungua studio yake mwaka 1948. Watu walikwenda kwake na nguo zao nzuri, walichagua kukaa vipi, wakaondoka na karatasi mkononi. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila jina lake, zikiitwa kazi ya mtu asiyejulikana. Hata fundi mwenyewe alikatwa uso! Baadaye jina lake lilipatikana na leo anahesabiwa kati ya wakubwa wa dunia. Wateja wake hawakungoja New York. Wao picha zao walikuwa nazo nyumbani tangu zamani.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi yangu uko Mardin, Uturuki. Serbest Salih ni Mkurdi wa Kobani, Syria, aliyekimbia vita mwaka 2014. Kule Mardin alifundisha watoto, wakimbizi na wenyeji pamoja, kupiga picha kwa kamera za filimu, na walisafisha wenyewe kwenye chumba cha giza kilichoitwa Sirkhane Darkroom. Mwaka 2021 picha za watoto hao zilitoka kwenye kitabu. Nilichokiona humo ni watoto wanaoruka, wanaojificha, wanaopigana picha wao kwa wao kwa karibu sana, mara nyingine kichwa kimekatika kwa sababu aliyeshika kamera alikuwa anacheka. Makosa yapo kama kwenye picha za wikendi, lakini ni makosa ya mtu aliye ndani ya mchezo, hakuyatafuta. Na anayesafisha filimu kwa mikono yake anajua negativu ni nini, anajua kwamba aliyeishika anaweza kutoa picha nyingine kesho. Kwetu hapa negativu zinasafiri. Wale ninaowafahamu hubeba mikanda yao wanapokwenda likizo Ulaya, ikasafishwe huko, na hatujui inalala kwenye sanduku gani.

Basi hukumu yangu ni hii. Picha za wikendi za ufukwe wetu zimepigwa vizuri, na nusu ya kazi haijafanyika. Ubora wa filimu si chembechembe, wala si rangi ya uzee. Ubora wake ni kwamba inazaa kitu kinachoshikika, kinachoweza kupewa mtu, na kikipotea kinaweza kuzaliwa tena. Mwenye kamera ya zamani anayeishia kuwaonyesha wenye kamera wenzake ameshika jembe kwa ajili ya kulisifia mpini.

Kwa hiyo, kaka na dada zetu wa kamera, endeleeni kuja. Ndagala zitaanikwa, taa za wavuvi zitawaka usiku, mawese ya Rumonge yatawachafua suruali kama kawaida. Filimu ina picha 36. Thelathini na tano pigeni mnavyotaka, hata machweo. Moja muulizeni mtu mmoja anataka kukaa vipi. Mwacheni achane nywele, avae shati, amwite mtoto wake. Mpigeni kwa mbele. Halafu filimu ikishasafishwa, picha hiyo irudi Rumonge na mumpe mkononi. Nyuma yake, mahali mlipozoea kuandika jina la kamera, mwandikeni jina lake, kwa kalamu isiyofutika kwa maji, maana wino wa kawaida ukiingia maji unatoka. Sisi wa hapa tunajua.